Mwamba Ngoma Asiyevutia Kwake

Usukuma, msimu wa ngoma huanza mavuno yakishaingia ghalani. Kuanzia Juni, mtama ukiwa umepurwa na pamba inapelekwa mzani, vijiji vya Nassa kando ya Ghuba ya Speke, na vya Bariadi na Itilima huko bara, hupata nafasi ya kushindana. Kundi moja ni la Bagika, jingine ni la Bagalu. Hayapokezani zamu. Yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji wako huru kusimama wapendapo. Mwisho wa siku, upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda.

Kanuni hiyo ni nyepesi kuieleza na ngumu mno kuitimiza. Mtazamaji hajakata tiketi, hana kiti alichopangiwa, na hatua chache kutoka hapo alipo kuna ngoma nyingine inayomwita. Msanii anayefanya kazi katika mazingira hayo hawezi kuchoka hata dakika moja. Ni lazima ajue watu wake wanapenda nini, wamekwishaona nini mwaka jana, na ni kitu gani kitakachowafanya wawaite wenzao waje waone. Simulizi za wazee huwataja Ngika na Gumha kuwa ndio waanzilishi wa vyama hivi viwili, waganga na wacheza ngoma walioshindana kujua nani ana dawa yenye nguvu zaidi ya kuvuta watu. Dawa ya mvuto ingali inatajwa hadi leo. Lakini ukiyatazama maandalizi yao kwa utulivu, unaona kwamba pamoja na dawa kuna kazi kubwa ya kuuliza, kusikiliza, kujaribu na kutengeneza.

Anza na ningi, mtunzi na kiongozi wa nyimbo. Kabla msimu haujafika, ningi hukusanya. Anakusanya habari za kijiji na za nchi, anakusanya methali za wazee, anachunguza udhaifu wa wapinzani ili apate la kuwatania nalo. Anahitaji kujua nasaba za watu, maana wimbo unaokosea ukoo wa mtu humwaibisha mtunzi mbele ya uwanja mzima. Akishatunga, anawafundisha waitikiaji, na katika kufundisha ndipo anapogundua mstari upi unashika ulimi na upi unateleza. Mtaalamu wa muziki Frank Gunderson, ambaye mwaka 2010 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, alikuta humo historia nzima ya nchi: safari za wapagazi, vita, kilimo cha pamba, siasa za uhuru. Watunzi walikuwa wamekwishafanya utafiti wao miaka mingi kabla msomi yeyote hajafika na kinasa sauti.

Kisha yuko mchonga vinyago. Vyama vya ngoma vilizoea kuingia uwanjani na sanamu za watu zilizochongwa kwa mti, nyingine zikiwa na mikono na miguu inayochezeka, ili zitolewe ghafla na kuushtua umati. Sanamu hizi zina kiwiliwili kirefu na sura yenye mikato michache. Mtu aliyezoea vinyago vilivyong'arishwa vya dukani anaweza kuziona kama kazi isiyokamilika. Mimi naziona kuwa zimekamilika kabisa. Sanamu ya uwanjani haikuchongwa ili ishikwe mkononi na kugeuzwageuzwa; imechongwa ili ionekane na mtu aliye nyuma ya watu mia, katikati ya vumbi, huku ikitikiswa. Kwa umbali huo nakshi ndogondogo hazionekani, kinachofika machoni ni umbo na mwendo. Mchongaji aliyepunguza mikato alikuwa anajua kwa hakika mtazamaji wake atasimama wapi.

Ngoma yenyewe inahitaji subira ya namna nyingine. Gogo likikatwa haliharakishwi. Linaachwa likauke polepole kivulini, kwa sababu jua kali hulipasua, na ufa mdogo wa leo ni ngoma iliyokufa kesho. Fundi hulitoboa kwa tezo na patasi, akipima unene wa ukuta kwa vidole na kwa kugonga, akisikiliza. Ngozi ya ng'ombe hulowekwa hadi ilainike, hukwanguliwa manyoya, kisha huwambwa ingali mbichi na kupigiliwa vigingi kuzunguka mdomo wa gogo. Hapo ndipo ustadi unapopimwa. Wahenga walisema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ndiyo tabia ya binadamu, lakini fundi mzuri hujizuia. Akivuta upande wake zaidi, ngozi ikikauka itakaza upande mmoja na kulegea upande wa pili, na sauti itatoka mbovu. Kwa hiyo anapigilia kigingi huku, anavuka ng'ambo anapigilia kingine, anarudi, anavuka tena, mpaka mvuto uwe sawa pande zote.

Sijapata maelezo bora zaidi ya namna msanii anavyopaswa kuutumia utamaduni. Anayekwenda kwa wazee akiwa na jibu lake mfukoni, akachukua lile tu linalompendeza, anaivutia ngozi kwake. Kazi yake inaweza kupendeza machoni, lakini ikigongwa haiitiki.

Tazama bugobogobo, ngoma ya majembe, ambayo leo Watanzania wengi wanaijua hata kama hawajawahi kufika Usukuma. Ilizaliwa shambani. Vikundi vya vijana vililima kwa pamoja, wakienda kwa mstari, majembe yakipanda na kushuka kwa wakati mmoja kwa kufuata mdundo. Wakati kilimo cha pamba kilipopanuka Usukuma katika karne ya 20, vikundi hivyo vilipata kazi tele, na sifa ya kikundi ilitegemea mambo mawili yasiyotengana: ukubwa wa eneo lililolimwa na uzuri wa namna lilivyolimwa. Mpiga ngoma alikuwa anashika kazi ya wote. Akikimbiza mdundo mapema, watu watachoka kabla ya jua kupanda. Akiuchelewesha mno, mwili unapoa na jembe linakuwa zito. Alipaswa kuujua udongo, kuwajua wenzake, na kujua saa. Kurusha jembe hewani, kulizungusha na kulidaka kabla halijagusa ardhi kulitokana na mikono iliyokuwa imekwishalizoea jembe kwa kazi ya siku nzima.

Baada ya uhuru, ngoma hiyo ilipanda jukwaani. Kikundi cha taifa cha ngoma kiliicheza, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho sasa ni TaSUBa, kimewafundisha wanafunzi wa makabila yote kuicheza. Jukwaa limeibadilisha, na si vibaya. Imefupishwa, imepangwa kwa mistari inayoelekea hadhira, imetengwa na jasho la shamba. Hata hivyo unapoiangalia unaweza kumtambua mchezaji aliyejifunza uzito wa jembe la chuma na yule aliyejifunza miondoko pekee. Wa kwanza hushusha mwili mzima pamoja na jembe, na mgongo wake unajua ardhi iko wapi. Wa pili hushusha mikono tu.

Utafiti wa kina zaidi katika sanaa za Wasukuma pengine ni ule wa Bayeye, chama cha wacheza nyoka. Kujiunga nacho ni kuingia shuleni: kujifunza tabia za nyoka, namna ya kuwakamata, na dawa za kutibu aliyeumwa. Ndani ya nyumba walimofundishwa wanachama wapya, kuta zilichorwa picha za watu, nyoka na viumbe wa simulizi za chama, kwa rangi chache tu zilizopatikana hapohapo. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi ya utafiti wa mila kwa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alizinakili na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1953. Karatasi zake nyingi leo zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuta za udongo hubomoka, mvua na mchwa havisamehi, kwa hiyo nakala hizo zina thamani kubwa. Lakini ni haki kukumbuka nani alitangulia kutafiti. Aliyechora nyoka ukutani alikuwa amemshika nyoka yule kwa mikono yake.

Ukishika barabara kuu kutoka Nassa kwenda Mwanza, unapita Magu, kisha unafika Kisesa, kilometa zipatazo 20 kabla ya jiji. Hapo ndipo kilipo kituo cha utamaduni cha Bujora, na hapo unaweza kuona utafiti, ufundi na utambulisho vikiwa vimefungwa pamoja kwa makusudi. Katika miaka ya 1950 Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec, Kanada, alianza kufanya kazi na wazee wa Kisukuma. Kamati ya utafiti ikaundwa, nyimbo zikakusanywa, mila zikaandikwa, na yale yaliyojifunzwa yakageuzwa majengo, ibada na sherehe. Kanisa likajengwa la mviringo kwa kufuata umbo la nyumba ya mtemi, mtawala wa jadi, na alama za utemi zikapewa nafasi ndani yake. Ngoma ikaingia kanisani kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika 1962 hadi 1965, kuufungua mlango huo kwa Kanisa zima. Sikukuu ya Ekaristi ikawa Bulabo, ambako Bagika na Bagalu hukutana na kushindana mpaka leo.

Ujasiri huo unaeleweka zaidi ukiutazama kutoka Nassa. Nassa ni kituo cha kale cha misheni. Waanglikana wa shirika la misheni la CMS walikuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1909 walikikabidhi kwa Africa Inland Mission, mwanzo wa Kanisa la AIC Tanzania. Wamisionari wengi wa zama hizo, popote Afrika Mashariki, waliiona ngoma kuwa ni jambo la kuachwa mlangoni. Wazee waliokwenda kueleza mila zao Bujora walikuwa wamezoea kusikia kwamba mila hizo hazina thamani. Kuulizwa kwa heshima, na kuona majibu yao yakijengwa kwa mawe na saruji, kulikuwa heshima ya aina yake.

Makumbusho ya Wasukuma yalifunguliwa hapo mwaka 1968. Kwa mbunifu, jengo la kujifunza kwalo kuliko yote ni banda la watemi, lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Fikiria uamuzi huo. Mtu mwingine angejenga ukumbi wa kawaida na kukiweka kiti ndani ya kioo. Hapa kiti chenyewe kimekuwa nyumba, na ndani yake vimetunzwa vile ambavyo enzi ilivilinda: ngoma za kitemi na vifaa vya watemi. Utawala wa watemi ulifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vitu hivyo vingeweza kutawanyika. Vikapata mahali ambapo umbo la jengo linaeleza maana ya vilivyomo. Jirani kuna nyumba ya Kisukuma, kazi ya wahunzi, ya waganga, na ya vyama vya ngoma. Kuna pia maelezo ya namna za kale za kuhesabu moja hadi kumi, ambapo kila rika lilikuwa na maneno yake. Elimu ndogo kama hiyo isingepatikana kama mtu asingeketi na wazee kwa muda mrefu, akauliza swali ambalo wengine hawakuona haja ya kuliuliza.

Linganisha na kiti cha enzi cha Buruku, kazi ya Wanyamwezi, ndugu wa karibu wa Wasukuma. Ni kiti chenye mgongo mrefu, kimechongwa kutokana na gogo moja, na mgongoni kina umbo la mtu. Wajerumani walikichukua mwishoni mwa karne ya 19, na leo kiko Berlin, kikitajwa miongoni mwa kazi bora za uchongaji wa Afrika. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini kijana wa Tabora au wa Bariadi anayetaka kujifunza namna mguu wa kiti kile ulivyopindwa bila kuunganishwa, inambidi aangalie picha. Ndiyo sababu Bujora ina uzito mkubwa kwetu: mtoto wa Nassa anaweza kupanda basi asubuhi, akaona, akauliza, akarudi nyumbani jioni.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na Nassa, iliyokuwa chini ya Magu na Mkoa wa Mwanza, ikawa sehemu ya Wilaya ya Busega. Mipaka ya utawala imehama, urithi haukuhama. Na vijana wa mkoa huu wanabuni: wanashona, wanachora mabango, wanapiga picha za video za harusi na ngoma, wanatengeneza nembo za biashara. Wengi wanapenda kutia alama ya Usukuma katika kazi zao. Nawasihi wasiishie kwenye kuitia kama urembo wa juu. Kabla ya kuchora kiti cha mtemi kwenye fulana, nenda ukaulize nani alikikalia, siku gani, na kwa nini hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Kabla ya kurekodi wimbo wa ningi, uliza aliutunga nani, na uandike jina lake. Ukikuta wazee wawili wanapingana, andika maneno ya wote wawili. Usivutie upande wako. Na ukimaliza kazi, irudishe kwao waione, maana wao ndio watakaokuambia kama imeitika.

Wazee wanaojua haya bado wapo Nassa, Itilima, Bariadi na Magu, lakini hawatakuwapo siku zote. Msimu wa ngoma unakuja kila mwaka baada ya mavuno. Chukua daftari, uende.