Ukingo wa Tingatinga

Siku za milango wazi katika karakana za wachoraji wa Dar es Salaam zina tabia moja inayochosha: kazi inayopigiwa makofi mengi ndiyo iliyostahili kufichwa. Mchoraji huketi mbele ya wageni na turubai tupu, na kabla soda zao hazijaisha ubaridi, tembo, mbuyu na jua linalotua vimekwisha kukamilika. Simu hutolewa, vigelegele, mtu ananunua. Wanaoujua mtindo wa Tingatinga hunyamaza kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoulea uongo. Rangi ya mafuta haifuati ratiba ya hafla. Ni kopo lile lile linalopaka milango na baiskeli. Tabaka lake la chini huhitaji saa nyingi kushika, na wakati wa masika, hewa ya Msasani ikijaa unyevu, halina haraka na mtu. Picha iliyoanza na kuisha ndani ya saa moja imechorwa juu ya rangi mbichi, na hakuna kipaji kinachoweza kulirekebisha hilo.

Shahidi ni ukingo, pale ngozi ya mnyama inapokutana na rangi ya nyuma, na ndipo jicho la mgeni lisipofika kamwe. Inamisha picha kuelekea dirishani, mwanga uipige kwa ubavu. Juu ya tabaka lililokauka, mstari uliovutwa kwa pumzi moja huacha mgongo mwembamba unaoteleza chini ya ukucha, na unene wake ni ule ule kutoka mkonga hadi mkia. Juu ya tabaka bichi mgongo huo haupo: mstari huota ndevu, rangi ya juu hunywa ya chini, meno ya tembo yakapata wekundu wa machweo ambao hakuna aliyekusudia. Mtihani mkali kuliko yote ni kanga, yule ndege. Nukta zake nyeupe zikiwekwa juu ya nyeusi isiyokomaa hugeuka kijivu. Fundi wa pupa huzirudia kwa rangi nene zaidi, na baada ya siku mbili zimekunjamana kama utando wa maziwa. Lakini mnunuzi ameshaondoka. Ameikunja turubai, ameitia begini, na akiifungua Hamburg au Nairobi atakuta tumbo la tembo limehamia mgongoni mwa turubai.

Mengine ni mepesi. Wanyama wakizidi watatu, pita. Kilimanjaro ikichungulia nyuma yao, pita haraka zaidi. Picha iliyopooza, isiyorudisha mwanga, imezidishiwa petroli ili kopo lifike mbali.

Nitaambiwa kwamba Edward Saidi Tingatinga mwenyewe hakuwa na anasa hizi za kungoja. Mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968, na picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni waliokuja dukani. Ni kweli, na mfano huo unanisaidia mimi. Kwenye silingibodi ya futi mbili kwa mbili aliweka chui mmoja, labda na ndege, kisha akaacha uwazi. Mahali palipo peupe hivyo, mstari mbovu huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, baada ya miaka takribani minne tu ya kazi, na mwanafunzi wake Simon Mpata aliuchukua ule uchache wa mistari hadi Kenya. Leo uchache huo unaitwa uvivu. Waghushi nao wanauza turubai zenye saini ya E. S. Tingatinga, ilhali yeye alichorea ubao. Wameisoma saini yake kwa makini kuliko walivyousoma mkono wake.

Hoja ya pili, kwamba wote wananakiliana, haina uzito. Kunakili ndiyo shule yenyewe: tangu zamani kijana huanza kwa kumjazia mkubwa wake rangi ya nyuma, na hapo hujifunza kungoja. Wape fundi aliyengoja na fundi aliyeharakisha twiga yule yule, na ukingo utawatenganisha. Hoja ya tatu ndiyo nzito: mchoraji ana kodi ya nyumba, na wageni hawaji kutazama rangi ikikauka. Sawa. Lakini nani aliwaahidi picha kamili kwa saa moja? Waegemezewe ukutani picha sita katika hatua sita: ya kwanza rangi ya nyuma tupu, ya pili umbo la mnyama bila macho, na kuendelea hadi nukta za mwisho. Wapewe ruhusa ya kuzinamisha dirishani. Na anayeitaka ile iliyopakwa nukta asubuhi hiyo alipe, aandikiwe risiti, aambiwe arudi Alhamisi.