Hakimiliki au Haki ya Mtunzi? Uhakiki wa Istilahi na Malipo ya Wasanii katika Enzi ya Dijitali

Mijadala kuhusu malipo ya wasanii wa Afrika Mashariki imejikita katika asilimia: kampuni ya simu ipate ngapi, msambazaji ngapi na msanii ngapi. Hoja hiyo ni ya msingi, lakini inatanguliza mgawo kabla ya kumtambua mgawiwa. Makala haya yanadai kwamba sehemu ya tatizo imo katika istilahi yenyewe.

Neno hakimiliki limeundwa kwa haki na miliki. Kinachosisitizwa ni umiliki, mtunzi hatajwi. Kinyume chake, mapokeo ya kisheria ya Kifaransa, yaliyoingia Rwanda, Burundi na Kongo kupitia utawala wa Kibelgiji, hutumia istilahi inayomtaja mtunzi waziwazi. Ni kweli kwamba istilahi haitungi sheria. Tangu marekebisho ya Roma ya mwaka 1928, Mkataba wa Bern unampa mtunzi haki ya kutambuliwa hata baada ya kuhamisha haki zake za kiuchumi, na sheria za Tanzania (1999) na Kenya (2001) zinazikubali haki za kimaadili. Hata hivyo, istilahi huelekeza jicho la mtekelezaji. Anayeongozwa na neno hakimiliki huuliza kwanza mali ni ya nani, si nani aliyeitunga.

Wimbo "Malaika" unadhihirisha gharama ya mwelekeo huo. Ulirekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukaimbwa na Miriam Makeba, kisha na kundi la Boney M. Utunzi wake umebishaniwa kwa miongo kadhaa, Adam Salim akiwa miongoni mwa waliodai kuutunga. Kurekodi kuliacha ushahidi, kutunga hakukuacha.

Dijitali haijaondoa kasoro hiyo, bali imeiharakisha. Katika taarabu, mtunzi wa shairi, mtunzi wa muziki na mwimbaji wanaweza kuwa watu watatu. Malipo ya mtandaoni hufuata taarifa zilizosajiliwa pamoja na wimbo. Ambaye jina lake halimo, fedha hazina njia ya kumfikia, hata kiwango kiongezwe vipi.

Kwa mtazamo huo, marekebisho ya sheria ya Kenya ya mwaka 2022 yanastahili sifa na tahadhari. Katika mapato ya nyimbo anazosikia mpiga simu kabla ya kupokewa, yalitenga si chini ya asilimia 52 kwa msanii au mmiliki wa hakimiliki. Kiwango ni hatua ya maana. Udhaifu umo katika kiunganishi au: mmiliki akishalipwa, sharti hilo halihakikishi kwamba mtunzi amefikiwa.

Haipendekezwi neno hakimiliki lifutwe, kwani limekwisha kukita mizizi. Linalohitajika ni kuliwekea mwenzake, haki ya utunzi, katika sheria, mikataba na fomu za usajili; na fomu hizo zitenganishe mtunzi wa maneno, mtunzi wa muziki, mwimbaji na mmiliki. Aidha, ofisi za hakimiliki za kanda zishirikiane rekodi hizo, kwa kuwa nyimbo za Kiswahili hazisimami mipakani. Bila hatua hiyo, kila nyongeza ya asilimia itaendelea kumnufaisha aliyesajiliwa, na huenda siye aliyetunga.