Siasa ni Kilimo: Uhakiki kwa Kipimo cha Mkorosho

Kila kada hana budi kulisoma azimio la Siasa ni Kilimo, lililopitishwa na TANU mjini Iringa mwaka 1972. Ubora wake ni kumtaka kiongozi ajue kilimo kabla ya kukihubiri. Lakini nadharia hupimwa kwa vitendo. Sisi tunalipima kwa Chiwata na kwa nyanda za juu za Wamakonde, Masasi na Newala.

Huko juu udongo ni wa kichanga. Mvua hunywea chini, na maji hupatikana bondeni. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa mitambo hadi Newala. Mkulima wa huko alijua mambo hayo kabla ya bwana shamba. Aliuchagua mkorosho kwa sababu huvumilia mchanga na kiangazi.

Upungufu wa azimio ni huu: linasisitiza kanuni bora za kilimo, lakini halisisitizi vya kutosha kwamba mkulima naye ni mwalimu. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilipofika, watu walihamishwa; mikorosho haikuhamishika. Mashamba yakawa mbali, yakaota vichaka. Msimu wa 1973/74 taifa lilivuna korosho tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000.

Tusiwe wepesi wa kuitupia Operesheni lawama zote. Bei duni na ugonjwa wa ubwiriunga vilichangia pia. Lakini mkulima aliye mbali na shamba lake, na anayelipwa kidogo, atapigana na ugonjwa kwa silaha gani?

Baadaye salfa iliokoa zao. Hata hivyo, salfa ikirundikana huongeza tindikali katika udongo wa mchanga, na muhogo na kunde hupandwa katika udongo huohuo. Tukihesabu tani za korosho peke yake, tutakuwa tumerudia kosa la mwanzo kwa sura mpya.

Mwongozo wa 1971, ibara ya 28, ulikwisha kutufundisha kwamba wananchi washiriki kuifikiria na kuipanga mipango yao, si kuitekeleza tu. Nyaraka hizi mbili zisomwe pamoja. Anayeyaita maeneo haya ya pembezoni ajiulize: pembezoni mwa nini? Kwa mkulima wa Chiwata, shamba lake ndilo katikati. Kazi ya kada ni kuanzia hapo.