Chujio Lisilotoa Chumvi

Neno chujio limebebeshwa mzigo mkubwa mno katika maandishi yahusuyo maji ya kunywa, nasi twaona wakati umefika wa kulipunguzia. Hapa Dodoma, ambako mji hutegemea sana visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na ambako visima vingi vya watu binafsi hutoa maji yenye chumvi, mnunuzi huambiwa kwamba anauziwa "chujio". Haambiwi la namna gani.

Kuchuja, kwa Mswahili, ni kama kuchuja tui kwa kifumbu: kilicho kikubwa huzuiwa, kilicho kidogo hupita, machicha yakabaki. Kitambaa, mchanga na chungu cha udongo hufuata kanuni hiyo. Huifuata pia mitambo ya kisasa yenye vitundu vya sehemu moja ya mia ya maikromita, ambavyo huzuia bakteria. Lakini chumvi iliyoyeyuka hupita humo bila kizuizi. Floraidi nayo hupita. Na kwa jirani zetu wa Singida viko visima ambavyo floraidi yake imezidi miligramu 1.5 kwa lita, kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Mzazi aliyenunua chujio akaamini kuwa amemaliza kazi, meno ya wanawe ndiyo yatakayomjibu. Hata kuchemsha hakumfai kitu.

Kinachotoa chumvi na floraidi ni ngozi nyembamba sana: maji husukumwa kwa shinikizo kubwa yakapenya, chumvi ikabaki nyuma. Waandishi wengi huiita utando. Hatuliridhii neno hilo. Utando ni wa buibui, ni wa uji uliopoa, ni wa jicho bovu. Hujitanda wenyewe, na aghalabu hutakiwa uondolewe. Kiwambo hutokana na kuwamba, kama ngozi ya ngoma, na tayari tunacho kiwambo cha sikio. Wanabiolojia na wabaki na utando wao wa seli.

Tena kiwambo hakiachi machicha, bali huacha maji yaliyokolea chumvi, ambayo huku bara hayana bahari ya kuyapokea. Kuyaita majitaka ni kumpotosha atakayechimba shimo la kuyamwaga. Twapendekeza maji kolezi, kwa kuwa kemia ya shule inalo neno ukolezi.

Wakati mjadala ukiendelea, wenye kuandika vibandiko vya mitambo waandike wazi: "huondoa vijidudu tu", au "huondoa vijidudu na chumvi".