Kiganja Juu ya Tairi

Fundi wangu wa Mwanga, mjini Kigoma, hana mashine ya alaimenti. Ana jeki, chaki, futikamba na kiganja. Gari likiingia chini ya mwembe wake, anakunja usukani mpaka mwisho ili tairi la mbele litoe uso nje, kisha anachuchumaa na kupitisha kiganja juu ya kashata, kutoka ndani kwenda nje, halafu anarudi. Akienda ni laini. Akirudi zinamkwaruza, kama unapompapasa samaki kuhe kutoka mkiani kuelekea kichwani. Hapo ameshajua tairi linaburutwa kando.

Nilimfikia nikiwa na hasira. Matairi mawili mapya ya Probox yangu yalikuwa kipara upande wa ndani kabla ya miezi minne, na kashata za nje bado nzima. Walioniuzia walilaumu ubora wa matairi ya siku hizi, wakanitajia bei ya jozi nyingine. Fundi aliniuliza swali moja tu: "Kaka, ukienda moja kwa moja, usukani unakaa sawa?" Ulikuwa umekaa kombo, nami nilishauzoea.

Tairi haliliki ovyo. Likikosa upepo hulalia kingo zote mbili. Likijazwa kupita kiasi huvimba likalika katikati. Shokapu zikichoka, gurudumu hurukaruka na tairi likaota mabonde. Boljointi au bushi zikilegea, gurudumu hulala na ukingo mmoja ukabeba mzigo wa wote. Ya mbele ndiyo huumia zaidi, maana ndiyo yanayokata kona, ndiyo yaliyobeba injini, na katika magari mengi madogo ndiyo pia yanayovuta.

Gari langu alilipima mbele yangu. Alinyanyua magurudumu kwa jeki, akazungusha kila tairi huku chaki imetulia mkononi, ukabaki mstari mwembamba mweupe. Akashusha gari, tukalisukuma kidogo likae. Kutoka mstari hadi mstari, mbele ya matairi: sentimita 144 na milimita 2. Nyuma ya matairi hayohayo: sentimita 143 na milimita 4. Milimita 8 hazifiki upana wa kidole changu, lakini zipigie hesabu. Kwa tairi la kipenyo cha sentimita 60, kila kilomita niliyokwenda mbele, matairi yale mawili yaliburutwa kando jumla ya mita 13 hivi. Lami ilikuwa msasa.

Chini ya gari akanionyesha tairodi ya kushoto, imepinda. Nikakumbuka shimo nililolipiga usiku nikitoka Mwandiga. Tunaendesha kushoto, na mvua hula barabara kuanzia ukingoni, kwa hiyo gurudumu la kushoto ndilo hupokea mapigo ya kwanza.

Mji huu unajua thamani ya mkono makini. MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani ikaletwa ziwani kwa vipande, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, na kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Watu husimulia meli. Mimi huwafikiria wale waliopaka grisi, waliohangaikia kitu ambacho kilikuwa kinakwenda kufunikwa na maji.

Mashine za alaimenti nazo ni nzuri, hupima pembe ambazo futikamba haizifikii, na mwenye nayo aitumie. Ila nimeona gari likipangwa kwa mashine huku boljointi zinacheza; mwezi haukuisha, matairi yakaanza kulika tena. Fundi wangu hukamata gurudumu kwa mikono miwili, juu na chini, akalitikisa kwanza. Lisipotulia, hagusi futikamba.

Alibadilisha tairodi, akapima mara tatu, akanitoza pesa isiyofika bei ya tairi moja. Matairi niliyofunga baada ya hapo yanalika sawasawa, ndani na nje. Ndugu msomaji, tairi lako likiisha, usiliache likakatwe katambuga kabla fundi hajalipapasa. Na akikueleza kilicholila, mlipe kwa maelezo hayo kama unavyomlipa kwa kazi ya spana.