Kweli Mbili za Njia Panda ya Mkata

Fumbo la mkweli na mwongo wa njia panda limezunguka dunia kwa miaka mingi. Msafiri anakuta njia mbili na watu wawili. Mmoja hasemi ila kweli, mwenziwe hasemi ila uongo, naye ameruhusiwa swali moja tu. Jawabu lake ni zuri kama mshororo uliotimia mizani: amwulize yeyote kati yao, "Mwenzio angenionyesha njia ipi?", kisha ashike ile nyingine. Mmarekani Raymond Smullyan, katika kitabu chake cha 1978, aliwajaza watu wa namna hiyo kisiwa kizima. (Wasomaji wa visiwani na wamsamehe.)

Likipelekwa Mkata, mkoani Tanga, fumbo hili linavunjika. Hapo, kwa atokaye Chalinze, njia moja huchepuka kushoto kwenda Handeni. Nyingine ni barabara kuu iendayo Segera na Korogwe. Lakini njia ya Handeni nayo, ikishaupita mji huo, hufika Korogwe. Kwa msafiri wa Korogwe, basi, njia zote mbili ni kweli. Mwongo hana njia ya uongo ya kuonyesha, na mkweli akiulizwa mwenziwe angeonyesha ipi, hana la kujibu. Wote wawili hunyamaza, na kimya hicho kina utamu kuliko jawabu lenyewe.

Udhaifu wa fumbo huonekana hapo. Mwongo wake si mwongo hasa, kwani asemaye uongo daima hutegemewa sawa na mkweli, ilimradi neno lake ligeuzwe. Wa kuogopwa Mkata ni mkweli. Akinyoosha kidole upande wa Handeni na kusema, "Hii yafika Korogwe," hajadanganya hata herufi moja, na msafiri amezungushwa. Washairi wa malumbano wanamfahamu mtu huyu. Muhammed Said Abdulla alimfahamu pia: tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Bwana Msa hatosheki na neno kuwa kweli, hutazama limejibu swali gani, na limeacha nini.

Fumbo laweza kuponywa kwa neno moja: msafiri aulize, "Ipi fupi?" Hesabu husimama tena. Ila fumbo la kishairi haliponywi hivyo. Neno lililokosekana huachiwa msikilizaji alitafute mwenyewe, naye huenda akalipata akiwa amekwisha fika Handeni.