Masala kwa Simu: Namna ya Kulipima Duka Dogo la Mtandaoni, Fordsburg

Kizuri chajiuza, lakini si mtandaoni. Ukipita Mint Road, Fordsburg, magharibi ya katikati ya jiji la Johannesburg, viungo vinajiuza kweli: harufu inakupokea kabla hujaliona duka, muuzaji anakufungulia gunia, unachota punje mbili, unasugua kidoleni, unanusa. Simu haina pua. Iliki ya msimu huu na iliyolala stoo miaka mitatu zinapigwa picha zikafanana. Kwa hiyo anayetaka kumuuzia mteja wa mbali, bila dalali wala duka kubwa katikati, ana ufundi wa pili wa kujifunza baada ya ule wa kukaanga na kusaga. Ufundi huo una alama zake. Mnunuzi makini anaweza kuzisoma, na mwenye duka dogo anaweza kuzifuata bila kuvunja kibubu.

Mashamba madogo ya mvinyo ya Rasi ya Magharibi yaliujua ufundi huu mapema. Mgeni anaonja, ananunua kasha moja, anaacha anwani, kisha anaandikiwa kila mavuno mapya yanapotoka. Marufuku za pombe za wakati wa korona, 2020 na 2021, zilipofunga vyumba vya kuonjea, mwenye orodha ya anwani alikuwa na watu wa kuwaandikia mara mauzo yaliporuhusiwa tena. Fordsburg, yenye maduka mengi ya halali, si mahali pa chupa. Hata hivyo kipimo cha muuza viungo na cha muuza mvinyo ni kimoja, na mtengeneza mvinyo wa Dodoma au mrina asali wa Tabora anaweza kukiazima kama kilivyo.

Kipimo chenyewe ni swali: mahali anapouzia pakifungwa kesho, muuzaji anabaki na nini?

Fordsburg inalijua swali hili. Sheria ya mwaka 1950 iliyogawa miji ya Afrika Kusini kwa rangi za watu iliwang'oa wafanyabiashara wa Kihindi wa 14th Street, Pageview, mtaa ambao wenyeji wanauita Fietas. Katika miaka ya 1970 wakaelekezwa kwenye jengo la Oriental Plaza, Fordsburg. Kodi ya huko ilikuwa kubwa kuliko waliyoizoea, na wapo walioshindwa kuendelea. Bidhaa na rafu zilihamishika. Mtaa na wapita njia wake haukuhamishika. Kufungiwa ukurasa wa Instagram si sawa na kung'olewa kwa nguvu ya dola, lakini kibiashara muuzaji anabaki na shida ile ile: mteja atampata wapi?

Tuanze na vinavyoonekana, kisha twende kwenye visivyoonekana.

Bei iliyo wazi

Alama ya kwanza ni bei. Duka linaloandika "bei njoo inbox" limeshapoteza nusu ya maksi. Huenda bei inabadilika kwa kutazama sura ya mteja, huenda mwenyewe hajaijua. Duka hodari linaandika bei, uzito na gharama ya kutuma, vyote kabla hujatoa hata jina lako. Afrika Kusini jambo hili ni la sheria pia: sheria ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2002 inamtaka muuzaji wa mtandaoni aonyeshe jina lake kamili, anwani ya mahali alipo, simu, bei nzima pamoja na kodi na usafiri, na muda wa kutuma mzigo. Inamtaka pia akupe nafasi ya kuipitia oda yote na kuirekebisha kabla ya kuithibitisha. Asipofanya hivyo, una siku 14 baada ya kupokea mzigo kuuvunja mkataba. Lakini ile haki nyingine ya kurudisha bidhaa ndani ya siku saba kwa kubadili mawazo tu haivihusu vyakula vya matumizi ya kila siku vinavyoletwa nyumbani. Kwa viungo, basi, kagua kabla ya kulipa.

Bei ya pakiti haitoshi. Geuza kila bei iwe ya gramu 100. Pakiti ya gramu 80 kwa randi 32 na ya gramu 100 kwa randi 38 zinakaa kwenye picha kama pacha, na ile inayoonekana rahisi ndiyo ghali: randi 40 kwa gramu 100. Muuzaji anayekufanyia hesabu hiyo mwenyewe, akaiandika chini ya kila bidhaa, hana anachoficha.

Picha na lebo

Kwenye picha usiangalie uzuri, angalia ushahidi. Picha ya bakuli la mbao lenye vijiti vya mdalasini na jani la mnanaa inapatikana bure mtandaoni na haikuambii lolote. Picha yenye thamani ni ya pakiti yenyewe, mbele na nyuma, lebo ikisomeka.

Isome lebo polepole. Viambato huandikwa kwa kufuata wingi, kilichozidi kikitangulia. Masala ya biriani ambayo lebo yake inaanza na chumvi, ikifuatiwa na unga wa mahindi au wa ngano, kisha giligilani na jira, ni chumvi yenye harufu. Ikianza na giligilani, jira, pilipili, manjano, kisha iliki, karafuu na mdalasini kuelekea mwisho, umepata ya kweli, kwa sababu viungo vikali na vya ghali huwekwa kidogo. Lebo isemayo "viungo mchanganyiko" bila kuvitaja, iache rafuni.

Kisha tafuta tarehe. Tarehe ya mwisho wa kutumika wanaiweka wengi. Tarehe ya kusaga wanaiweka wachache, na ndiyo yenye maana. Kiungo kikishasagwa, mafuta yake ya harufu huanza kuruka, ilhali punje nzima huyashika muda mrefu zaidi. Kwa hiyo duka linalosaga kidogo kidogo kila wiki na kuliandika hilo linajua linauza nini. Kama tarehe haionekani, tuma ujumbe mmoja: "Hii ilisagwa lini?" Anayejibu "wiki iliyopita, Jumanne" na anayejibu "ni fresh sana boss" wamekwisha kujieleza wote wawili.

Njia za kulipa

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atakayefika Fordsburg atatafuta lipa namba au namba ya till asiione. Vodacom iliifunga M-Pesa yake ya Afrika Kusini mwaka 2016. Huko watu wanalipa kwa benki na kadi. Kwa hiyo muuzaji mdogo ana njia nyingine: kiungo cha malipo cha Yoco kinachotumwa kwenye ujumbe, PayFast kwa mwenye tovuti, SnapScan kwa msimbo wa kupiga picha, na tangu Machi 2023 PayShap, inayohamisha fedha papo hapo kutoka benki moja hadi nyingine kwa kutumia namba ya simu.

Wingi wa njia si ubora. Ubora una alama tatu. Kwanza, jina linalotokea wakati wa kulipa lifanane na jina la duka au la mwenye duka. Pili, muuzaji asikuombe kamwe namba za kadi kwenye WhatsApp; akiziomba, ondoka. Tatu, hii inampima zaidi muuzaji: asitume mzigo kwa kuonyeshwa skrinshoti. Skrinshoti za kughushi ni janga la Johannesburg kama meseji bandia za "umepokea" zilivyo janga la Kariakoo. Duka linalosubiri fedha ionekane kwenye akaunti ndipo lifunge pakiti linakuchelewesha kidogo, lakini halitafilisika likiwa na oda yako mkononi.

Mzigo unavyosafiri

Hapa ndipo maduka mengi mazuri yanapoharibu. Masala inapenya. Ikifungwa kwenye nailoni nyepesi, itafika imenukisha gari zima na kubaki na harufu nusu. Duka hodari linatumia mfuko mzito uliozibwa kwa moto, ndani ya mfuko wa pili, na manjano yanatengwa na vitu vyeupe.

Kwa usafiri wa bei nafuu kuna njia mbili ambazo muuzaji mdogo anazitegemea. PAXI hupitisha vifurushi kwenye maduka ya PEP: bei inafuata ukubwa wa mfuko na kasi, haifuati umbali, kwa hiyo mfuko wa kwenda Soweto na wa kwenda Cape Town unalipiwa sawa. PUDO ni makabati ya kujifungulia mwenyewe kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu. Sasa mtazame muuzaji. Umeagiza pakiti moja ya garam masala. Wa kawaida anakutoza usafiri na kunyamaza. Fundi anakwambia: "Mfuko huu unabeba hadi pakiti nane kwa nauli ile ile, ukipenda, agiza pamoja na jirani yako." Amekuokolea fedha, ameongeza mauzo, na jirani yako ameshalisikia jina lake.

Daftari

Sasa yasiyoonekana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la muuza mtandaoni ni la wateja: nani alinunua nini, lini, na yuko tayari kuandikiwa tena au la.

WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, ni bure, ina katalogi, majibu ya haraka na lebo za kupangia wateja. Kwa mwanzo hakuna chombo kinachoizidi. Lakini ina mipaka ambayo wengi wanaigundua wamechelewa: orodha yake ya matangazo huchukua watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba ya duka kwenye simu yake. Ndiyo maana muuzaji makini, akikuuzia mara ya kwanza, anakuomba uihifadhi namba yake, na jioni analiandika jina lako mahali pengine pia, iwe karatasi au jedwali la kompyuta.

Soko kubwa la mtandaoni ni kinyume chake. Takealot ipo tangu 2011, Amazon ilifungua tovuti ya Afrika Kusini Mei 2024, na zote zina wanunuzi wengi kuliko duka lolote la Mint Road litakavyoweza kuwaita peke yake. Lakini mteja wa huko ni wa soko. Muuzaji anaona oda, hamwoni mtu. Kuuza huko si kosa. Kuuza huko peke yake ndiko kunakolifanya duka lishindwe kwenye swali letu.

Daftari nalo lina adabu yake. Sheria ya kulinda taarifa za watu ya Afrika Kusini, POPIA, ilianza kutekelezwa kikamilifu Julai 2021. Duka linalokuingiza kwenye kundi la WhatsApp la watu mia bila kukuuliza, kila mmoja akiiona namba yako, limekosa adabu na sheria kwa pamoja. Duka zuri linaomba ruhusa, linaandika mara chache, na ukiandika "nitoe" linakutoa siku hiyo hiyo.

Hesabu ya vyombo

Mwenye duka akiuliza chombo kipi ni rahisi, jibu si bei ya chombo, ni bei kwa kila oda. Chukua mfano wa oda ya randi 180. Njia ya malipo inayokata asilimia 3 inachukua randi 5 na senti 40. Soko linalokata asilimia 12 linachukua randi 21 na senti 60. Tovuti ya kukodi kwa randi 600 kwa mwezi inakula randi 30 kwa kila oda ukiuza oda 20, lakini randi 3 tu ukiuza 200. Kwa hiyo chombo kile kile ni mzigo kwa mmoja na nafuu kwa mwenzake.

Anayetaka tovuti yake mwenyewe ana WooCommerce, programu iliyozaliwa kwenye kampuni ya Cape Town mwaka 2011 na ambayo yenyewe ni bure. Gharama yake iko pembeni: mahali pa kuihifadhi, jina la tovuti, na mtu wa kuitazama inapoharibika. Faida ni kwamba daftari lote, bidhaa na wateja, unaweza kulipakua na kuhama nalo. Kabla ya kujiunga na chombo chochote, jaribu kwanza kulitoa daftari lako ndani yake. Kama hakuna mlango wa kutokea, usiingie.

Oda ya kujaribu

Kwa mnunuzi, yote haya yanakaguliwa kwa oda moja ndogo. Agiza pakiti mbili, moja ya punje na moja ya unga. Uliza swali moja la kweli. Angalia saa ya jibu, jumla kabla ya kulipa, risiti, siku ya kutumwa, na namna ilivyofungwa. Kisha, ikiwa kuna kasoro halisi, ieleze kwa picha na usubiri. Muuzaji asiyewahi kukosea hayupo. Anayekujibu siku hiyo hiyo kwa kukurudishia fedha au pakiti nyingine ndiye wa kuweka namba yake.

Kwa mwenye duka anayepata oda chini ya 30 kwa mwezi, ushauri ni mfupi: WhatsApp Business, PayShap na kiungo kimoja cha malipo ya kadi, PAXI, mizani ya kweli, na daftari. Tovuti isubiri hadi ujumbe uanze kukushinda kujibu. Soko kubwa liingie mwisho, kwa bidhaa mbili tatu zinazotangaza jina, na ndani ya kila pakiti iwekwe kadi yenye namba ya duka, kama masharti ya soko yanaruhusu. Duka la hivyo halina urembo mwingi, lakini ukurasa wake ukifungwa Jumatatu, Jumanne linaendelea kupokea oda.